Kusimama Hewani: Helikopta ya Kuigizwa na Darasa la Mtandaoni

Wasomaji wengi wa jarida hili wamekwisha kuona helikopta, ama ikipita juu ya mji, ama ikitua katika uwanja wa mpira na kuwatimulia watazamaji vumbi. Jambo linalowashangaza si kwamba chombo hicho huruka, kwa maana ndege nazo huruka, bali ni kwamba huweza kusimama hewani mahali pamoja, kama kipanga anayevizia panya shambani. Mtazamaji aliye chini hudhani kwamba wakati huo rubani amepumzika. Ukweli ni kinyume chake. Kusimama hewani ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa anazopaswa kujifunza mwanafunzi wa helikopta, na aghalabu ndiyo inayomkatisha tamaa.

Mimi ni mwalimu wa umekanika katika chuo kikuu. Kwa muda wa miaka 15 nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu jinsi pangaboi la helikopta linavyofanya kazi, nami nilidhani kwamba jambo hilo nalijua barabara. Kisha nikajiunga na kikundi cha watu 6 waliokuwa wakijifunza, kwa njia ya intaneti, kuendesha helikopta ya kuigizwa katika kompyuta. Jioni ya kwanza niliiangusha helikopta yangu mara 11. Mkufunzi wetu alikuwa kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari katika nchi moja ya Ulaya, ambaye hakuujua hata mmoja wa milinganyo niliyozoea kuiandika ubaoni.

Katika makala haya nitaeleza mambo mawili. Kwanza, kwa nini ni vigumu kuisimamisha helikopta hewani, jambo linaloweza kufahamika kwa fizikia ya sekondari. Pili, kwa nini watu wanaojifunza pamoja, ingawa kila mmoja yuko nchini kwake, hufaulu katika jambo ambalo mtu aliye peke yake na kitabu chake hushindwa. Naamini kwamba jambo hili la pili linawahusu walimu wote wa sayansi, hata wale ambao hawatagusa helikopta maishani mwao, iwe ya kweli au ya kuigizwa.

Hewa ya kilo 400 kila sekunde

Feni ya darini husukuma hewa chini, na kwa kanuni ya tatu ya Newton hewa nayo huisukuma feni juu. Kani hiyo ni ndogo, na kwa hiyo feni haing'oki mahali pake. Helikopta ni feni kubwa inayosukuma hewa nyingi kiasi kwamba kani hiyo hulingana na uzito wa chombo chote pamoja na watu waliomo.

Hebu tuchukue mfano wa helikopta ndogo iitwayo Robinson R22, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1975 na ambayo imetumika sana katika shule za urubani. Tungamo lake la juu kabisa linaloruhusiwa ni kilo 622, kwa hiyo uzito wake ni Newtoni 6,100 hivi. Mapanga yake mawili yanapozunguka huchora duara lenye kipenyo cha mita 7.67, ambalo eneo lake ni mita za mraba 46 hivi. Tuseme hewa inapita katika duara hilo kwa mwendokasi v. Kanuni za Newton zinaonyesha kwamba hewa hiyo ikifika chini mbali na pangaboi mwendokasi wake huwa umeongezeka maradufu, yaani 2v. Tungamo la hewa ipitayo kila sekunde ni msongamano wa hewa mara eneo mara v. Na kani ni tungamo hilo mara badiliko la mwendokasi. Basi kani ni sawa na 2 × msongamano × eneo × v².

Mwanafunzi akitumia msongamano wa kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, ambao ni wa kawaida katika usawa wa bahari, atapata kwamba v ni mita 7.4 hivi kwa sekunde. Maana yake ni kwamba helikopta hii ndogo, ili isimame tu hewani, hapana budi isukume chini hewa yenye tungamo la kilo 400 na zaidi katika kila sekunde. Nguvu inayohitajika kwa uchache ni Newtoni 6,100 mara mita 7.4 kwa sekunde, yaani kilowati 45 hivi. Kwa kweli injini hutoa zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu ya nguvu hupotea katika msuguano wa mapanga na hewa, na sehemu nyingine huliendesha pangaboi la mkia.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi la kurudia hesabu hiyo kwa mji ulio juu sana, kama vile Nairobi, ambako msongamano wa hewa ni kilo 1.0 hivi kwa mita ya ujazo. Wataona kwamba nguvu inayotakiwa inapanda hadi kilowati 50 hivi, ilhali injini yenyewe nayo inadhoofika kwa kupata hewa hafifu. Ndiyo maana helikopta inayoondoka Mombasa na mzigo wake bila taabu huenda ikashindwa kuinuka na mzigo huo huo huko Nairobi.

Mikono miwili na miguu miwili

Rubani wa helikopta huwa na vitu vitatu vya kuongozea chombo chake. Mkono wa kushoto hushika wenzo wa kunyanyulia, ambao huongeza au kupunguza pembe ya mapanga yote kwa pamoja, na hivyo helikopta hupanda au kushuka. Mkono wa kulia hushika fimbo ya kuelekezea, ambayo huliinamisha duara la mapanga mbele, nyuma au pembeni, na helikopta huelekea upande ulioinamishwa. Miguu hukanyaga pedali mbili, ambazo hubadili pembe ya mapanga ya pangaboi la mkia.

Pangaboi la mkia lina kazi yake maalumu. Injini inapolizungusha pangaboi kuu upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili, tena kwa kanuni ile ile ya tatu ya Newton. Pangaboi la mkia huzuia mzunguko huo. Mpangilio huu wa pangaboi moja kuu na jingine dogo la mkia ndio uliotumiwa na Igor Sikorsky katika helikopta yake ya VS-300, iliyoinuka kutoka ardhini huko Marekani tarehe 14 Septemba 1939, ikiwa bado imefungwa kamba. Helikopta nyingi za leo zinaufuata mpangilio huo.

Matatizo huanza kwa sababu vitu hivyo vitatu havitengani. Katika R22, mwanafunzi akiinua wenzo wa kushoto ili apande, injini hulisukuma pangaboi kwa nguvu zaidi na pua ya helikopta hugeuka kulia. Hana budi akanyage pedali ya kushoto. Pedali hiyo huongeza kani ya mkia, nayo huisukuma helikopta yote pembeni. Hana budi aiinamishe fimbo kidogo. Fimbo ikiinama, sehemu ya kani iliyokuwa ikibeba uzito hupotea, na helikopta huanza kushuka. Basi ainue wenzo tena, na mambo yaanze upya. Mgeni hufanana na mtu anayejaribu kusawazisha meza yenye miguu mifupi na mirefu kwa kuikata: kila akikata mguu mmoja hugundua kwamba sasa mwingine umezidi.

Kwa nini anayeanza huyumba

Mambo hayo niliyajua kabla ya kuanza. Ambalo sikulielewa, ijapokuwa hesabu yake ni rahisi, ni suala la wakati.

Tuseme helikopta imesimama hewani, na duara la mapanga likainama mbele kwa nyuzi 2 tu. Jicho la mgeni haliuoni mwinamo mdogo kama huo. Hata hivyo sehemu ya kani sasa inasukuma mbele, nayo huipa helikopta mchapuko wa mita 0.34 hivi kwa sekunde kwa sekunde. Baada ya sekunde 1 helikopta imesogea sentimita 17 tu, na rubani bado hajaona lolote. Baada ya sekunde 3 imesogea mita 1.5, na inakwenda mita 1 kila sekunde. Baada ya sekunde 5 imekwenda zaidi ya mita 4, na mwendokasi wake ni mita 1.7 kwa sekunde.

Hapo ndipo mwanafunzi anapogutuka na kuirudisha fimbo. Lakini kuuondoa mwinamo kunaondoa mchapuko tu. Mwendokasi unabaki, kwa maana hewani hakuna msuguano wa kutosha wa kuusimamisha mwendo mdogo kama huo. Helikopta inaendelea kwenda. Mwanafunzi anashikwa na hofu, anaivuta fimbo nyuma kwa nguvu, na helikopta inainama nyuma kwa nyuzi 6 au 7. Inasimama, kisha inaanza kurudi kinyumenyume kwa kasi kuliko ilivyokwenda. Anaisukuma tena mbele. Kila myumbo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia, hata mapanga yanapiga ardhi.

Myumbo huo hauletwi na upepo wala na ubovu wa chombo, bali na rubani mwenyewe, kwa sababu anarekebisha kosa la zamani badala ya kosa la sasa. Dawa yake ni kuuona mwinamo wakati ungali mdogo, kabla haujazaa mwendo, na kuurekebisha kwa kusogeza fimbo kidogo na kuirudisha mara moja. Maneno hayo ni rahisi kuyaandika. Tatizo ni kwamba mtu hawezi kurekebisha asichokiona, na mwanzoni macho yake hayaoni mwinamo bali yanaona mwendo, ambao ni matokeo yaliyochelewa.

Namna kompyuta inavyoigiza

Mawazo ya kujifunzia urubani ardhini si mageni. Mwaka 1929 Edwin Link, Mmarekani aliyelelewa katika kiwanda cha familia yake cha kutengeneza vinanda, alitengeneza chumba kidogo cha rubani kilichoinamishwa huku na huku kwa mifuko ya hewa kama ile ya vinanda. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa katika hali mbaya ya hewa. Baada ya hapo jeshi hilo likaanza kuzinunua mashine za Link. Katika Vita Kuu ya Pili marubani wengi mno walipitia mashine hizo kabla ya kupanda ndege za kweli.

Leo kazi hiyo hufanywa na programu ya kompyuta, ambayo huitwa simuleta. Zipo za kununua, na ipo FlightGear, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 1997 na ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichunguza na kuirekebisha. Baadhi ya programu hizi huligawa kila panga la helikopta katika vipande vidogo. Kwa kila kipande kompyuta hutafuta mwendokasi wa hewa na pembe inayokutana nayo, kisha hukadiria kani, na mwisho hujumlisha kani zote na kuisogeza helikopta hatua moja ndogo. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde.

Faida ya njia hii ni kwamba mambo mengi hutokea yenyewe bila kuandikwa moja moja. Kwa mfano, ncha za mapanga ya R22 huenda kwa mita 205 hivi kwa sekunde. Helikopta ikienda mbele kwa mita 40 kwa sekunde, ncha ya panga linalokwenda mbele hukutana na hewa kwa mita 245 kwa sekunde, na ya lile linalorudi nyuma kwa mita 165 tu. Kwa kuwa kani hufuata mraba wa mwendokasi, panga la mbele lingeweza kupata zaidi ya maradufu ya kani ya mwenzake, na helikopta ingepinduka. Juan de la Cierva wa Hispania alilitatua tatizo hilo mwaka 1923 katika chombo chake cha otojiro kwa kuyafunga mapanga kwa bawaba ili yaweze kupanda na kushuka. Mwanafunzi akiruka katika simuleta nzuri ataliona tatizo hilo na utatuzi wake kwa mikono yake mwenyewe.

Darasa la watu 6

Kila mwanakikundi alikuwa na kompyuta yake, fimbo ya kuchezea michezo ya kompyuta, na vifaa vya masikioni vyenye kipaza sauti. Sote tulionekana katika uwanja mmoja wa ndege wa kuigizwa, na tulisikiana.

Yafaa msomaji afahamu ni kitu gani hasa kinachosafiri katika mtandao. Kila kompyuta hukokotoa helikopta ya mwenyewe, na hutuma kwa wenzake habari chache tu: mahali ilipo, pembe zake na mwendokasi wake. Baina ya habari moja na nyingine kompyuta za wenzake hukisia. Habari hizo huchelewa. Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti kati ya Afrika Mashariki na mabara mengine yalipitia satelaiti zilizoko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Kupanda na kushuka peke yake kulichukua robo ya sekunde, na jibu likachukua robo nyingine. Mwaka 2009 kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika katika pwani yetu, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Mwanga ndani ya kioo cha kebo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kebo ya kilomita 10,000 hupitwa kwa sehemu 5 katika 100 za sekunde. Hata tukiongeza ucheleweshaji wa mitambo ya njiani, darasa la namna hii limewezekana kwetu kwa sababu ya kebo hizo.

Hata hivyo mkufunzi wetu alikabiliwa na shida ambayo mkufunzi wa helikopta ya kweli hana. Katika helikopta ya kweli mkufunzi huketi pembeni mwa mwanafunzi, naye huweza kumwachia pedali tu huku yeye ameshika mengine, kisha akamwachia wenzo, na mwisho fimbo. Mkufunzi wetu hakuweza kushika chochote. Aliweza kusema tu, na maneno yalikuwa na ucheleweshaji wao. Aone mwinamo, atamke, nisikie, nifahamu, nisogeze mkono: sekunde 2 zimepita. Amri iliyokuwa sahihi alipoifikiria huwa imekwisha kuwa kosa ninapoitimiza. Ndiyo sababu jioni ya kwanza kila aliponiambia nivute nyuma niliyumba zaidi.

Wiki ya pili alibadili utaratibu. Mmoja aliruka, na watano walitua pembezoni mwa uwanja kwa nusu duara na kumtazama. Kila mtazamaji alipewa kitu kimoja: huyu atazame urefu kutoka ardhini, yule pua ya helikopta, mwingine mwinamo wa mapanga. Zaidi ya hayo tulikatazwa kumwambia rubani la kufanya. Tulipaswa kungoja atue, au aanguke, ndipo tueleze tulichokiona na kwa utaratibu kilivyotokea: "Kwanza uliinua wenzo. Kisha pua ikageuka kulia. Kisha mapanga yakainama kushoto, nawe hukufanya neno mpaka ulipokwisha kusogea."

Mimi nilipewa kutazama mwinamo. Jioni mbili nilifanya kazi hiyo nikiona kwamba napoteza wakati wangu. Jioni ya tatu nilijikuta nikijua, sekunde nzima kabla hajasogea, kwamba mwenzangu atakwenda kushoto. Nilikuwa nimeanza kuziona zile nyuzi 2. Zamu yangu ilipofika niliinua macho kutoka ardhini, nikatazama miti iliyokuwa mbali, na nikauona mwinamo huo huo katika upeo wa macho wa kioo changu. Nilisimama hewani kwa sekunde 40. Jambo nililokuwa nimelieleza kwa miaka 15 nililiona siku hiyo kwa mara ya kwanza, na nililiona katika kosa la mtu mwingine kabla ya kuliona katika langu.

Kuanguka katika upepo wangu mwenyewe

Kiburi hakikukawia kurudi. Baada ya wiki chache niliamua kushuka wima kutoka mita 100, bila kwenda mbele. Nilipoona nashuka upesi nikainua wenzo, nami nikashuka upesi zaidi. Nikauinua hadi mwisho, na helikopta ikatetemeka na kuanguka kama jiwe.

Msomaji akumbuke kwamba hewa inayosukumwa na pangaboi la R22 hushuka kwa mita 7.4 kwa sekunde. Helikopta ikishuka wima kwa mwendokasi unaokaribia huo, huingia katika hewa yake yenyewe iliyokwisha kusukumwa chini. Hewa hiyo huzunguka pembezoni mwa mapanga kwa umbo la pete na kurudi juu, na kuongeza nguvu kunaongeza mzunguko badala ya kani. Njia ya kujiokoa ni kuisukuma fimbo mbele na kupunguza wenzo, ili chombo kitoke katika pete hiyo na kuingia hewa tulivu. Jambo hili nilikuwa nimelifundisha na kulitungia maswali ya mtihani. Wenzangu watano waliokuwa wakitazama hawakuwahi kulisoma, lakini walipoeleza walichokiona walilieleza sawasawa: ya kwamba kila nilipoinua wenzo nilianguka zaidi, na kwamba sikujaribu hata mara moja kwenda mbele.

Mipaka ya kuigiza

Haifai mtu yeyote adhani kwamba simuleta ya nyumbani humfanya mtu rubani. Mwili wa rubani wa kweli huhisi helikopta ikisogea kwa kiti na kwa viungo vya usawa vilivyomo masikioni, kabla hata macho hayajaona. Anayetazama kioo cha kompyuta hana msaada huo, na kioo humwonyesha sehemu ndogo tu ya dunia. Kani zinazokokotolewa ni makadirio, hasa karibu na ardhi na ndani ya ile pete ya hewa. Saa zinazotumika katika programu ya nyumbani isiyoidhinishwa na mamlaka za usafiri wa anga hazihesabiwi katika leseni. Na zaidi ya yote, nilianguka mara nyingi nisizoweza kuzihesabu na kila mara nikanywa chai yangu. Mtu asiyeogopa kuanguka hujifunza upesi mambo mengine, na mengine hajifunzi kabisa.

Yale niliyoyarudisha maabarani

Mwanzoni nilisema kwamba jambo hili linawahusu walimu. Katika maabara yetu ya mwaka wa kwanza, kama ilivyo katika shule nyingi, wanafunzi hupima mchapuko wa uvutano kwa pendulo. Huhesabu mibembeo 20, hupima wakati, na hukokotoa. Kila mwaka baadhi yao huleta jibu la 10.9 badala ya 9.8. Kwa miaka mingi nililikata jibu hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika "zingatia usahihi".

Baada ya darasa la helikopta niliwagawa wanafunzi wangu: kikundi kimoja kifanye jaribio, kikundi kingine kitazame mikono na midomo yao na kisiseme neno mpaka mwisho. Siku ya kwanza msichana mmoja aliyekuwa akitazama alisema: "Walipoachia pendulo walisema moja." Hilo ndilo lililokuwa kosa lote. Anayesema "moja" wakati wa kuachia, badala ya sifuri, hupima mibembeo 19 akidhani ni 20. Muda wa mbembeo mmoja hupungua kwa sehemu 5 katika 100, na kwa kuwa muda huo huwekwa katika mraba, jibu huzidi kwa sehemu 11 katika 100. 9.8 huwa 10.9. Sijui ni wanafunzi wangapi niliowapunguzia alama kwa kosa ambalo ningeliona kama ningesimama pembeni na kutazama.

Shule isiyo na kompyuta inaweza kufanya majaribio yafuatayo. Kwanza, mwanafunzi mmoja aiachie rula ianguke baina ya vidole vya mwenzake, naye aidake. Ikianguka sentimita 20, mwenzake amechelewa kwa sehemu 2 katika 10 za sekunde. Pili, ajaribu kusimamisha ufagio wima juu ya kiganja, kisha kijiti cha sentimita 30. Kijiti kitamshinda, kwa sababu huanguka upesi kuliko anavyoweza kurekebisha. Na atazame ncha ya juu, kwa maana anayetazama kiganja hushindwa hata na ufagio. Tatu, mwanafunzi afungwe macho na kufuata kwa kalamu mstari uliopinda, akiongozwa kwa amri za mwenzake. Wote watauona ule myumbo wa amri zilizochelewa. Kisha warudie, safari hii mwongozaji akinyamaza mpaka mwisho na kueleza alichokiona, halafu mwenye kalamu ajaribu tena. Walinganishe mistari hiyo miwili.

Ndugu walimu, wengi wetu tulifundishwa kwamba mwanafunzi akikosea yafaa tumsahihishe papo hapo. Mara nyingi ni kweli. Lakini zipo kazi za mikono na macho ambazo ndani yake sahihisho la papo hapo hufika limechelewa, na mwanafunzi hufaidika zaidi kwa kutazama wenzake wakikosea na kuulizwa kosa lilianzia wapi. Yule kijana wa miaka 17 alilijua hilo. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, alinijibu kwamba naye aliwahi kuanguka sana, na kwamba waliokuwa wakimtazama walimwambia walichokiona.